Maswali ya Wasomaji: Usitupe Somo Pamoja na Hasara

Barua za mwezi huu zimetoka Chamwino, Nkuhungu, Kibaigwa, Kondoa na Mpwapwa, zote hapa mkoani Dodoma. Kila moja ina shida yake, lakini zote zinauliza jambo lilelile: mtu aliyejikwaa aanze moja, au aendelee kutoka pale alipofika? Wamejibu bwana shamba, mkufunzi wa ujenzi, mwezeshaji wa vikundi na mwalimu wa sekondari. Barua tumezifupisha.

Shemeji ananiambia nipande zabibu

*Habari za kazi wahariri. Nina eka tatu. Msimu wa juzi nilipanda mahindi, yakanyauka Februari. Msimu uliopita nikahamia alizeti, ikazaa vizuri, ila bei ya wakati wa mavuno haikurudisha hata gharama ya palizi. Sasa shemeji ananiambia nisahau yote hayo, nipande zabibu. Kila mwaka najiona kama niko darasa la kwanza. Nifanyeje?* (Mkulima, Chamwino)

Ndugu yetu, una hasara mbili zisizofanana, na wengi huzifunga mzigo mmoja na kuuita "kilimo hakilipi". Mahindi yako yalikosa maji. Alizeti yako ilikosa bei. Ukizitenganisha hivyo utaona kwamba zabibu inaweza kukuletea tena hasara zote mbili kwa mpigo. Inataka maji ya kumwagilia kiangazi, inataka nguzo na waya, inataka salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na matunda yakishaiva hayakungoji utafute mnunuzi. Yanaoza ndani ya siku chache. Hatusemi zabibu ni zao baya. Hapa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mazao mengi hayatupi. Lakini kama huna kisima, wala mnunuzi mliyekubaliana kabla hujapogolea, shemeji anakushauri uache mbachao kwa msala upitao.

Turudi kwenye mahindi. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na katikati hapo, mara nyingi Februari, mvua hukatika. Mahindi yaliyopandwa tarehe 15 Desemba hutoa mbelewele baada ya siku 60 hivi. Hesabu mwenyewe: ni katikati ya Februari, na huo ndio wakati ambao mhindi haustahimili kiu kabisa. Mtama ukiona kiu hukunja majani, husimama kukua, mvua ikirudi huendelea. Kwa hiyo "mahindi hayafai" siyo somo, ni hasira. Somo lako likiandikwa vizuri linasomeka hivi: mahindi ya mbegu ile, yaliyopandwa tarehe ile, kwenye udongo usiotunza maji, yalikutwa na ukame yakiwa yanatoa mbelewele. Sentensi hiyo ina vitu vitatu unavyoweza kuvibadilisha kimoja kimoja, yaani mbegu, tarehe na udongo. Ile ya hasira haina hata kimoja.

Kwenye mbegu, fikiria mtama mfupi kama Macia. Ni mweupe na hauna uchungu, kwa hiyo kwelea kwelea nao wanaupenda. Kama huna mtu wa kuamia ndege tangu punje zikiwa na maziwa mpaka zikauke, usiupande eneo kubwa.

Kwenye udongo, huna haja ya kwenda mbali. Kijiji cha Chololo, hapahapa Dodoma, kimetoa jina kwa mashimo ya kupandia yanayotunza maji ya mvua. Shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha 30. Kati ya shimo na shimo ni sentimita 60, kati ya mstari na mstari ni 90, na mistari inakata mteremko. Ndani unatia majivu kidogo ya kufukuza mchwa, samadi iliyooza na mabaki ya mazao, kisha unarudishia udongo bila kujaza hadi juu. Udongo unaobaki unajengea ukingo mdogo. Unapanda mbegu moja au mbili za mtama, uwele au mahindi. Watu hukosea mahali patatu. Wanajaza shimo mpaka juu, kwa hiyo maji hayana pa kutuama. Au wanatia samadi mbichi, inachoma miche na kuleta magugu. La tatu ni tamaa: eka moja hukaa mashimo karibu 7,500, na anayeanza na eka nzima huishia njiani akasema njia haifai. Anza na robo eka, mashimo kama 1,900, uyachimbe kiangazi baada ya mavuno. Mwakani hutachimba upya, utayasafisha na kuongeza samadi tu.

Alizeti usiiache. Kilichokuangusha ni kuuza wiki ileile ambayo kila mtu anauza. Kausha vizuri, hifadhi kwenye magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, uza sehemu tu ya kulipia madeni ya palizi. Kabla ya kuamua kuhusu zilizobaki, peleka gunia moja mashineni. Pima kilo zilizoingia, lita zilizotoka, kilo za mashudu na ada ya kukamua. Baada ya hapo utajua kama kwa bei ya wiki hiyo ni afadhali uuze mbegu au mafuta, bila kumuuliza dalali.

Sasa hilo la kuhisi uko darasa la kwanza kila mwaka. Dawa yake ni kaunta buku. Kila kipande cha shamba na kila msimu upewe ukurasa wake: mvua ya kwanza ilinyesha lini na kiasi gani, ulipanda lini, mbegu gani na uliipata wapi, nafasi, tarehe za palizi, kilichoharibika, gunia ulizopata, bei siku ya mavuno na bei miezi mitatu baadaye. Chini kabisa andika ulichojifunza pamoja na masharti yake, maana somo lisilo na masharti hugeuka mwiko. Utamkuta mzee anakataza choroko kwenye shamba fulani na hakuna anayekumbuka kwamba ule mwaka mmoja ziliharibika kwa sababu mvua ilizidi.

Mvua unaipima kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako upana mmoja. Lisimamishe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, lisome kila siku saa 3 asubuhi kwa rula, kisha ulimwage. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 imemwaga kwenye eka yako lita kama 80,000. Jirani atakwambia "jana imenyesha sana". Wewe utakuwa na namba, na baada ya misimu mitatu namba hizo zitakuonyesha kama tarehe 15 Desemba ilikuwa mapema mno au ilichelewa.

Zabibu kama bado zinakuvutia, jaribu miche michache pembeni mwa chanzo chako cha maji, siyo eka tatu.

Miaka tisa ya ujenzi, sina cheti

*Shikamooni. Mimi ni fundi mwashi, nilijifunza kwa kubeba zege nikiwa kijana. Tangu serikali ihamie Dodoma kazi ni nyingi, lakini kwenye miradi mikubwa ya Mji wa Serikali, Mtumba, wanataka vyeti. Vijana waliomaliza chuo juzi wanaandikwa, mimi nawafundisha kushika mwiko. Je, nisahau niliyojifunza mtaani nikaanze chuo upya?* (Fundi, Nkuhungu)

Marahaba, fundi. Kuanza chuo upya siyo lazima. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na waashi ni miongoni mwa wanaohudumiwa. Mwombaji hueleza anachokijua, huonyesha ushahidi, hupimwa kwa vitendo, hufundishwa kwa muda mfupi yale tu yanayopungua, kisha hupimwa tena kwa ajili ya cheti. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe uulize fani yako inapimwa lini na ada ni kiasi gani kwa sasa.

Ushahidi anza kuukusanya leo. Piga picha za kazi nane au kumi, lakini usipige nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, maana hiyo haimwambii mpimaji kitu. Piga msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla ya kumwaga zege, kona ya ukuta ikiwa na timazi. Kila picha iwe na tarehe, mahali, na kazi uliyoifanya wewe mwenyewe, kwa sababu swali la kwanza litakuwa hilo. Weka na kazi moja iliyopasuka, pamoja na maelezo ya sababu. Mpimaji anayejua kazi hukuheshimu zaidi kwa hiyo kuliko kwa kumi zilizonyooka.

Mafundi wa mtaani kwa kawaida hupungukiwa mahali patatu: kusoma ramani, kukadiria vifaa na usalama kazini. Mkono wao hauna shida. Kwa hiyo usiuache ulichonacho, upe mkono wako kipimo. Mfano, wewe mchanga wa korongo unaujua kwa kuusugua kiganjani na kutazama uchafu unaobaki. Ni kipimo sahihi, ila hakiandikiki kwenye ripoti. Chukua chupa ya kioo iliyonyooka, tia mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa sana, iache itulie kwa saa kadhaa. Mchanga utakaa chini, tope laini juu yake. Pima kwa rula. Mchanga ukiwa sentimita 10 na tope likapita milimita 8 hivi, huo mchanga uoshwe au urudishwe. Utashangaa mara ngapi chupa na kiganja chako vitakubaliana, na siku visipokubaliana utakuwa umejifunza kitu.

Ndivyo na zege. Unasema "moja, mbili, nne" lakini unapima kwa koleo, na koleo la saa 2 asubuhi siyo la saa 9 mchana. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, ndani liwe sentimita 40 kwa 35, kina 25. Ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kila mfuko unaufuata na masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, yakisawazishwa juu kwa ubao. Maji ni lita 25 hivi kwa mfuko, yaani ndoo kubwa moja na robo, na yapungue kama mchanga una unyevu. Vibarua watalalamika kwamba zege ni zito. Waache walalamike. Maji ya ziada hukauka na kuacha matundu, na matundu ndiyo udhaifu. Kwa jua na upepo wa Dodoma, zege na plasta vifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na vimwagiliwe kwa siku 7 bila kuruka. Nyufa nyembamba nyingi unazoziona mjini ni za siku mbili za kwanza.

Kukadiria jizoeze kwa ukuta unaoujenga wiki hii. Tofali la nchi 6 likisimamishwa, mita moja ya mraba hula kama 10, pamoja na yatakayovunjika. Andika makadirio yako asubuhi kabla ya kuanza, jioni andika yaliyotumika. Usifute ya asubuhi.

Na hao vijana wa chuo, fundi, wanajua kusoma ramani. Nyie mnaweza kubadilishana.

Kikundi kilivunjika, wenzangu hawataki kuzungumzia

*Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilivunjika Machi, wengine hawajarudisha mikopo. Tumebaki kina mama 20, tunataka kuanza kipya. Kila nikisema tujadili kilichotokea naambiwa nafukua makaburi. Niwaache?* (Mama, Kibaigwa)

Mama, usiwaache. Ila badilisha namna ya kuuliza. Ukiuliza "nani alikosea", kila mtu anatafuta mlango. Uliza maswali manne, kwa mpangilio huu, huku katibu anaandika: tulipanga nini, kilitokea nini, tofauti ilianzia hatua gani, na kipi kilifanya kazi tubaki nacho. Jeshi la Marekani lilianza kutumia mjadala wa namna hii miaka ya 1970 baada ya mazoezi ya vita, na kanuni yake hata huko ni kujadili hatua, siyo cheo cha mtu. Weka sharti: jina la mtu halitajwi, anatajwa "mkopaji" au "mshika ufunguo". Swali la nne msiliruke. Vikundi vingi vilivyovunjika vilikuwa na sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na hapo hapajawahi kuwa na wizi. Mkianza upya kwa hasira mtavitupa na hivyo.

Kwa kuwa ni Kibaigwa, tunahisi mtakutana na jambo hili: mikopo iliyoshindikana ilitolewa kati ya Desemba na Februari, ikitakiwa kurejeshwa kila mwezi. Miezi hiyo nyumba inatoa tu, mbegu, palizi, ada za shule. Pesa ya mahindi inaanza kuingia sokoni kuanzia Juni hivi. Mkopaji aliyeshindwa Machi huenda hakuwa mwizi, alipewa kalenda isiyo yake. Kwenye kikundi kipya, mkopo wa shamba uwe na riba ya kila mwezi peke yake hadi mavuno, na mtaji urudi Julai. Mkopo wa biashara ndogo ndio ubaki wa marejesho ya kila mwezi.

La pili ni hesabu ya "mara tatu ya akiba". Kanuni hiyo ni ya kawaida kwenye vikundi hivi, na ni nzuri wakati wakopaji ni wachache. Nyie 20, kila mmoja akiwa na akiba ya shilingi 100,000, sanduku lina milioni 2. Wote mna haki ya kukopa 300,000, jumla milioni 6. Watu sita wakichukua kiasi kamili zimebaki 200,000 kwa watu 14. Hapo ndipo manung'uniko huanza, na wasiopata huacha kununua hisa. Mzunguko wa kwanza wekeni mara moja na nusu. Acheni kukopesha wiki sita kabla ya siku ya kugawana, ili sanduku lijae siku hiyo. Na katiba ya zamani msiichane. Chukueni kalamu nyekundu, rekebisheni vifungu vilivyoshindwa, pembeni muandike sababu. Mwanachama atakayeingia mwaka kesho ataelewa kwa nini kifungu kipo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi kama chenu visajiliwe. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Nikiandika makosa yangu najichukia

*Nilishauriwa niwe na daftari la kujitathmini. Kila nikiandika najisikia vibaya, nimeacha.* (Kijana, Kondoa)

Tunadhani unaandika sifa badala ya matukio. "Nilikuwa mjinga" haimfundishi mtu. "Nilitoa 80,000 kabla ya kuandikiana, kwa sababu alikuwa na haraka" inakwambia cha kufanya mara nyingine. Usiandike siku ileile. Ngoja siku mbili. Dakika kumi zinatosha. Na kila kosa likae na jambo moja ulilofanya sawasawa katika tukio hilohilo, kwa tarehe na kiasi, siyo kwa kujisifu.

Nataka kurisiti, nichome madaftari?

*Nimepata divisheni four ya pointi 28. Naona aibu, nataka kurisiti. Rafiki anasema ninunue notisi mpya, nisahau za shule.* (Mhitimu wa kidato cha nne, Mpwapwa)

Usichome chochote. Kwenye matokeo ya kidato cha nne, D ni alama 30 hadi 44 na C ni 45 hadi 64. Maana yake D mbili kwenye karatasi yako zinaweza kuwa za watu wawili tofauti: moja imebakiza alama moja iwe C, nyingine imenusurika F. Baraza la Mitihani (NECTA) hawakuonyeshi alama, kwa hiyo zitafute mwenyewe. Chukua mtihani wa miaka ya nyuma wa kila somo ulilopata D, ufanye kwa saa kamili bila daftari, umwombe mwalimu asahihishe. Kisha kila alama iliyopotea ipe kundi lake: sikufundishwa, nilifundishwa nikasahau, nilijua nikasoma swali vibaya, muda uliniishia. Anayepoteza nyingi kwenye kundi la tatu na la nne akinunua notisi mpya ametupa pesa. Huyo anahitaji kupiga mstari chini ya maneno "taja", "eleza" na "linganisha", na kufanya mazoezi kwa saa ya ukutani.

Waliosahau, na ndio wengi, watumie madaftari yaleyale ya shule. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha hupungua, na kwamba kujifunza mara ya pili kitu ulichokwisha kukijua huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Hapo ndipo una mtaji ambao asiyewahi kukaa darasani hana. Funika daftari, andika unachokumbuka kuhusu mada, fungua, jaza mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia mada hiyo kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 21. Rangi ya pili ikipungua ukurasani, mada imeingia. Kusoma kwa macho tu mara tano hakufiki hapo, ingawa hukupa raha ya kudhani unajua.

Anza na masomo ambayo kwenye jaribio umepata 38 na kuendelea, hasa yanayounda tahasusi unayoitaka. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari, na anayechelewa hulipa ada ya juu zaidi, kwa hiyo hayo majaribio yamalize kabla ya Krismasi ili ukienda kituoni ujue unajiandikisha masomo gani.